Jacob van Maerlant, Malenga wa Mji wa Damme

Kila mwaka jarida la chama chetu hutoa maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kuaga dunia, na mara nyingi huwa ni mtu ambaye sura yake tumeizoea kwenye vitabu vya Historia. Mwaka huu zamu imeniangukia mimi. Nilipompelekea mhariri jina la Jacob van Maerlant aliniuliza kama huyo ni mchezaji wa mpira wa Ubelgiji. La hasha! Huyo ni mshairi, na alifariki yapata mwaka 1300. Kule Ubelgiji na Uholanzi sanamu zake zipo na barabara zimepewa jina lake, lakini hapa shuleni hata walimu wawili niliowauliza walitikisa kichwa.

Nitasema wazi kwa nini nimemchagua. Mtu huyu alichukua elimu iliyokuwa imefungiwa ndani ya Kilatini akaitoa kwa lugha iliyozungumzwa sokoni. Alikaripiwa kwa kufanya hivyo, na bado hakuacha. Sasa niambie, chama cha Kiswahili kisipomjua mtu kama huyo, kimjue nani?

Huwezi kumwelewa Jacob bila kuuelewa mji wake. Damme uko Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji, kilomita zipatazo 7 kutoka mji mkubwa wa Bruges. Leo ni mji mdogo uliozungukwa na mashamba, na bahari iko mbali. Enzi za Jacob mambo yalikuwa mengine kabisa. Mwaka 1134 dhoruba kali iliipiga pwani ile, na maji ya bahari yakajichimbia njia ndani ya nchi kavu. Njia hiyo ya maji iliitwa Zwin. Wenyeji walijenga boma la udongo la kuyazuia maji yasizidi kuingia bara, na hapo kwenye boma pakazaliwa mji. Jina lenyewe, Damme, latokana na boma hilo. Mnamo mwaka 1180 Philip wa Alsace, mtawala wa Flanders, aliwapa wakazi hati ya kuwa mji wenye haki zake.

Basi mji ukanawiri. Merikebu kubwa hazikuweza kufika Bruges, kwa hivyo zilitia nanga Damme, mizigo ikashushwa na kupakiwa katika mashua ndogo zilizopita mferejini hadi Bruges. Iliteremshwa divai ya Bordeaux kwa mapipa. Waliletwa samaki aina ya heringi, waliotiwa chumvi, kutoka bahari za kaskazini. Ilikuja sufi ya Uingereza, maana wafumaji wa Flanders walikuwa hawashibi sufi. Nguo zao zilivaliwa kote Ulaya. Mwaka 1213 mfalme Philip Augustus wa Ufaransa alileta merikebu zake Damme, Waingereza wakazivamia papo hapo bandarini, mamia zikatekwa au kuteketezwa. Mji mdogo, lakini wafalme waligombana mlangoni pake! Hata sheria za mabaharia, zile zilizoitwa za Oléron, zilifasiriwa kwa lugha ya Flanders zikajulikana kama hukumu za Damme. Nahodha akitupa mzigo baharini ili aiokoe merikebu katika tufani, nani alipe? Mambo kama hayo ndiyo yaliyoamuliwa humo.

Sasa angalia jambo la lugha, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Mapadri na wasomi waliandika Kilatini. Makabaila, yaani mabwana wenye ardhi na majumba, walipenda kusoma na kujigamba kwa Kifaransa, na wafanyabiashara wakubwa nao wakawaiga. Wachukuzi wa mapipa, wafumaji, wavuvi, wauza samaki na mama zao walizungumza lugha waliyoiita Diets, ambayo ni mama wa Kiholanzi cha leo. Jina hilo Diets lina maana ya lugha ya watu, watu wa kawaida. Ilizungumzwa na wengi, lakini mtu aliyetaka kujua nyota zinavyokwenda, au wafalme wa Roma walikuwa nani, au Biblia inasema nini hasa, hakupata kitabu cha kumwambia kwa lugha hiyo. Ilimbidi amsubiri padri amwambie kile ambacho padri ameona kinamfaa.

Jacob alizaliwa katika hali hiyo, karibu na Bruges, yapata mwaka 1235. Kwamba alisoma shule nzuri hatuna haja ya kubishana, kwani Kilatini alikijua barabara na Kifaransa pia. Alipokuwa kijana alivuka kwenda kisiwa cha Voorne, ambacho sasa kiko Uholanzi, akapata kazi ya utumishi kanisani mahali palipoitwa Maerlant. Kazi yenyewe haikuwa ya fahari. Mtumishi wa namna hiyo alipiga kengele, alitunza vyombo vya kanisa na mara nyingine aliwafundisha watoto kusoma. Maerlant ilikuja kumezwa na mji wa Brielle, lakini jina limebaki kwa sababu ya mpiga kengele huyo. Hebu fikiria, kijiji kinajulikana duniani kwa ajili ya mtu aliyetoka kwingine!

Pale Voorne alikuwako kabaila aliyeitwa Albrecht, aliyependa hadithi. Jacob akamwandikia. Alianza, yapata mwaka 1260, na maisha ya Aleksanda Mkuu, aliyoyatoa katika utenzi wa Kilatini wa Walter wa Châtillon. Kisha akaandika habari za kikombe kitakatifu na za mchawi Merlin, halafu vita vya Troya, kitabu kirefu cha mishororo ipatayo 40,000. Vyote hivi ni vya ushairi, mishororo miwili miwili yenye kina kimoja mwishoni. Msomaji asishangae. Wakati ule watu wengi hawakusoma wenyewe, walisomewa, na shairi huingia sikioni na kukaa kuliko maneno matupu. Sisi wenyewe pwani yetu ilikuwa na desturi hiyo. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulichukua habari za vita zilizokuwa kwa Kiarabu ukazitia katika beti za Kiswahili.

Sifichi kwamba vitabu hivyo vya ujana wake mimi naviona kama sinema za mapigano, watu wanakatana mapanga ukurasa baada ya ukurasa. Lakini hata humo alikuwa ameanza kukasirika. Alipokuwa akifasiri hadithi ya kikombe aligundua kwamba kitabu cha Kifaransa alichokitegemea kilikuwa kimeyapotosha mambo ya Biblia, akasimama katikati ya kazi kusahihisha. Tangu hapo alianza kuwashuku watunzi wa Kifaransa. Aliwaona ni hodari wa maneno matamu na wavivu wa ukweli. Kadiri alivyoendelea ndivyo alivyozidi kuwa mkali, hata akaja kuziita hadithi za akina Merlin uongo mtupu, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyezileta kwa lugha yake! Wengine watasema huo ni unafiki. Mimi nasema mtu anakua.

Yapata mwaka 1270 hivi alirudi Flanders, akakaa Damme. Inasimuliwa kuwa alifanya kazi ya ukarani mjini. Hapo ndipo alipoandika vile vitabu ambavyo kwavyo anakumbukwa.

Cha kwanza ninachotaka kukisema ni kile cha maumbile, Der naturen bloeme, maana yake ua la maumbile. Kimegawanywa sehemu 13: binadamu, wanyama wa miguu minne, ndege, viumbe vya baharini, samaki, nyoka, wadudu, miti, miti ya viungo, mitishamba, chemchemi, vito na madini. Hicho ndicho kitabu kikubwa cha kwanza cha sayansi ya viumbe kwa lugha ya Kiholanzi. Alikitoa katika kitabu cha Kilatini cha mtawa Thomas wa Cantimpré, ingawa yeye alidhani mwandishi wake ni Albert wa Cologne, msomi aliyekuwa na jina kubwa zaidi. Kabla yake palikuwa na padri wa mji jirani wa Aardenburg, Willem Utenhove, aliyekuwa ameandika kitabu cha wanyama kwa Diets. Jacob alimtaja kwa heshima, kisha akamkosoa bila huruma: alikuwa amefasiri kutoka Kifaransa, kwa hivyo alipotea njia. Naam, yule adui wake wa zamani tena.

Ukikisoma leo utacheka. Mle ndani mna nguva na mnyama wa pembe moja anayekamatwa tu kwa kumtumia msichana bikira, na ndovu anayepigana na joka. Sisi tulio na ndovu Tsavo na Amboseli tungemwandikia barua ya masahihisho. Lakini katikati ya hayo kuna mambo ya kweli kuhusu nyuki, mwewe, samaki wa bahari yao na majani ya dawa, na mfumaji wa Bruges aliyasikia kwa mara ya kwanza bila mkalimani. Jambo moja lilinichekesha zaidi: viumbe vimepangwa kwa alfabeti, lakini ni kwa majina yao ya Kilatini. Simba utamtafuta kwenye L ya leo. Lugha ya watu ilikuwa imeingia chumbani, ila funguo za kabati bado zilikuwa za Kilatini.

Kisha akagusa moto. Mnamo Machi 1271 alimaliza kitabu kinachoitwa Rijmbijbel, yaani Biblia ya vina. Hakuifasiri Biblia yenyewe neno kwa neno. Alitumia kitabu cha Kilatini cha Petrus Comestor, kilichosimulia historia ya Biblia na ambacho wanafunzi wa vyuo vya wakati ule walikisoma wote. Akakigeuza kuwa mashairi ya Diets, na mwishoni akaongeza habari za kubomolewa kwa Yerusalemu. Yote kwa jumla ni kama mishororo 35,000. Mimi nikitunga shairi la beti kumi kwa mashindano ya chama jasho hunitoka. Ukiigawa mishororo hiyo iwe beti za tarbia utapata beti 8,750. Na kumbuka hakukuwa na mashine ya kupiga chapa. Ya Gutenberg ilikuja karibu miaka 180 baadaye. Kila herufi iliandikwa kwa mkono, kwa unyoya wa ndege uliochongwa, juu ya ngozi za wanyama zilizokwanguliwa. Kitabu kimoja kiliwagharimu kondoo wengi maisha yao.

Sasa watu wasiojua Kilatini wakaweza kusikia kisa chote kwa mfululizo, kuanzia Adamu. Unadhani wakubwa wa kanisa walifurahi wote? Walikuwamo waliokasirika. Kwa fikira zao, siri za Maandiko zilikuwa zimemwagwa mbele ya watu wasiofaa, kama mtu aliyeacha lango la zizi wazi. Jacob mwenyewe ndiye aliyeandika baadaye kwamba alikaripiwa na makasisi kwa ajili hiyo. Miaka kadhaa ilipopita, alipokuwa akiandika kitabu kingine kikubwa, aliamua kuziacha sehemu nyingi za mafundisho ya dini, akaeleza kwamba hataki kuwaudhi tena. Hapo wengine humwona mwoga. Mimi nikiwaza jinsi kanisa lilivyokuwa na nguvu wakati ule, naona alifanya kama dereva anayepunguza mwendo penye matuta ili gari lifike. Vitabu vya historia aliendelea kuviandika, tena kwa lugha ile ile.

Hapa lazima niseme neno. Kuna wenzetu wanaoamini kwamba Kiswahili ni cha mashairi na michezo ya kuigiza tu, lakini ukitaka kueleza usanisinuru au sheria ya mvutano ni sharti uhamie Kiingereza. Mtu akijaribu anachekwa. Nimewasikia wakisema hivyo kwenye foleni ya chakula na hata ndani ya maktaba. Hoja yao haina tofauti na ile ya wakubwa wa Jacob, waliodhani lugha ya wauza samaki haina maneno ya kubebea elimu. Yeye hakukaa kubishana nao. Alichukua kitabu baada ya kitabu, akaonyesha kwamba maneno yapo, na pale yalipokosekana aliyatafuta.

Jinsi alivyoyatafuta ni jambo tamu. Alipowaandikia watawa wa Utrecht maisha ya Mtakatifu Fransisko aliwaomba radhi mapema: yeye ni mtu wa Flanders, kwa hivyo watakuta maneno ambayo kwao hayasemwi. Tena akaeleza kwamba mtunzi anayetafuta kina hulazimika kuokota maneno kutoka lahaja mbalimbali, ya Flanders, ya Brabant, ya Zeeland, na hata kukopa Kifaransa, Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka jinsi tunavyogombana darasani kuhusu mshairi aliyetumia neno la Kiamu au la Kimvita, mmoja anasema ni kosa, mwingine anasema ni uhuru wa mshairi. Kumbe ugomvi huo una miaka zaidi ya 700, na upande wa uhuru ulikuwa na wakili mzuri.

Mbali na vitabu hivyo virefu alitunga mashairi mafupi, na haya ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Lililo maarufu linaitwa Wapene Martijn, ambalo jina lake ni kama ukemi wa mtu aliyepatwa na ole. Lina beti 75 za mishororo 13 kila moja. Ni mazungumzo ya marafiki wawili, Jacob na Martijn, wanaoulizana maswali magumu. Kwa nini wanafiki wanaojipendekeza ndio wanaokula na wakubwa, na wakweli wanasimama nje? Je, ukabaila ni wa damu? Jibu la shairi ni kwamba heshima ya mtu imo moyoni mwake, wala haikutoka tumboni mwa mama yake. Na yule aliyeandika hivyo aliishi kwa kuwaandikia makabaila! Shairi linadai pia kwamba maneno mawili madogo, changu na chako, ndiyo yaliyoleta vita duniani, na kama yangefutwa watu wangekaa kwa amani.

Halafu wanafika kwenye suala la utumwa. Kwa nini mtu mmoja azaliwe huru na mwingine azaliwe mali ya bwana? Siku hizo watu wengi walijibu kwa kutaja laana za Biblia, ya Kaini au ya Hamu mwana wa Nuhu. Shairi linayakataa majibu hayo na kusema utumwa ulitokana na nguvu na dhuluma, watu kuteka watu. Nawaomba wale wanaosoma Historia pamoja nami wasimame hapa kidogo. Hadithi ya laana ya Hamu ilitumiwa karne nyingi baadaye kuhalalisha utumwa wa Mwafrika, na mpiga kengele wa zamani alikuwa ameshaipinga katika karne ya 13. Sijui kama yupo aliyemsikiliza wakati wa merikebu za watumwa.

Hata hivyo nisimfanye malaika. Mwaka 1291 mji wa Akka, ngome kubwa ya mwisho ya Wakristo wa Ulaya katika nchi ya Palestina, ulianguka mikononi mwa majeshi ya sultani wa Misri. Jacob aliandika shairi la uchungu, Van den lande van oversee, akiwakemea maaskofu na wafalme kwa kula na kulala badala ya kwenda vitani. Shairi lina nguvu, mapigo yake yanapiga kama ngoma, lakini shabaha yake ni kuwapeleka watu wakaue na kuuawa. Katika darasa letu Wakristo na Waislamu tunakalia dawati moja, ndiposa silipendi. Lile analolilia kanisa kwa sababu ya mapadri wenye tamaa, Der kerken claghe, nalipenda zaidi.

Kitabu chake kikubwa kuliko vyote kinaitwa Spiegel historiael, kioo cha historia. Alikianza yapata mwaka 1283 akimwandikia Floris wa Tano, mtawala wa Holland. Huyu Floris baba yake alikufa mwaka 1256, farasi wake alipotumbukia kwenye barafu na maadui wakamuua hapo hapo, wakati mtoto hajafikisha hata miaka miwili. Msingi wa kitabu ulikuwa Kilatini cha Vincent wa Beauvais, na lengo lilikuwa kuisimulia historia ya dunia nzima tangu uumbaji hadi siku zao. Jacob aliandika kama mishororo 90,000. Ukijumlisha na vitabu vyake vingine vyote, mishororo yake inapita 200,000.

Lakini hakumaliza. Yapata mwaka 1288 aliiweka kalamu chini, akiwa amefika mwanzoni mwa karne ya 12, na sehemu ya pili nzima alikuwa ameiruka. Wengine ndio walioziba mapengo, Philip Utenbroeke na padri Lodewijk van Velthem. Naye Floris hakuwa na mwisho mwema: mwezi Juni 1296 makabaila wake mwenyewe walimteka na kumuua. Wale waliojipendekeza mezani, wa lile shairi la Martijn!

Jacob alifariki Damme yapata mwaka 1300. Mwaka 1297 mfalme wa Ufaransa alikuwa ameivamia Flanders, na tarehe 11 Julai 1302, karibu na Kortrijk, wafumaji na mafundi waliotembea kwa miguu waliwapiga mashujaa wa Kifaransa wapanda farasi, wakaokota mamia ya vichokoo vya dhahabu vilivyokuwa miguuni mwao. Vita hivyo Jacob hakuviandika. Ningetoa chochote kusoma beti zake juu ya siku ile.

Kizazi kilichofuata, Jan van Boendale wa Antwerp alimtambua kuwa baba wa washairi wote wa Diets. Nakala ya Biblia yake ya vina, iliyochorwa picha na Michiel van der Borch mwaka 1332, bado imehifadhiwa mjini The Hague.

Mji wake haukubahatika hivyo. Mchanga na matope viliendelea kujaa katika Zwin, merikebu zikahamia Sluis, na kidogo kidogo bahari ikauacha Damme. Mwaka 1468 palifanyika harusi ya Charles, mtawala wa Burgundy na Flanders, na Margaret wa York, dada yake mfalme wa Uingereza. Baada ya fahari hiyo mji ulilala usingizi mrefu.

Halafu ikaja zamu ya lugha yake. Ubelgiji ulipopata uhuru mwaka 1830, serikali, mahakama na shule za juu ziliendeshwa kwa Kifaransa, ingawa Flanders watu walizungumza Kiholanzi. Mkulima aliweza kuhukumiwa kwa maneno asiyoyaelewa. Waliotetea lugha ya watu walitafuta mzee wa kumwita kama shahidi wao, wakamkumbuka Jacob. Mwaka 1860 wakamsimamishia sanamu, kazi ya Hendrik Pickery, uwanjani mbele ya jumba la mji wa Damme. Sheria ya kuzifanya lugha hizo mbili kuwa sawa ilipitishwa mwaka 1898, na chuo kikuu cha Ghent kilianza kufundisha kwa Kiholanzi pekee mwaka 1930. Piga hesabu mwenyewe, tangu 1271 hadi 1930.

Mwaka 1997 Damme ulitangazwa kuwa mji wa vitabu, na maduka ya vitabu vikuukuu yakafunguliwa katika vichochoro vile vya wauza divai na samaki. Kuhusu kaburi lake, husimuliwa kuwa alizikwa chini ya mnara wa kanisa la Mama Yetu. Jiwe lake lilikuwa na picha ya mtu pamoja na kitabu, na miaka ilipopita watu walisahau ni nani, wakasema ni kaburi la Tijl Uilenspiegel, yule mjanja wa ngano mwenye vituko kama Abunuwasi wetu. Wageni wakawa wanakuja kutoka mbali kuliangalia na kucheka. Naye Jacob akawa amelala pale chini, yeye aliyechukia hadithi za uongo maisha yake yote, na juu yake wanasimuliana za Uilenspiegel.